Raketi ya Mzungu wa Mweiga

Nikiulizwa ni raketi gani inamfaa mtu anayeanza tenisi, najibu kabla hajamaliza kuuliza: nyepesi, kamba zisikazwe sana, mpini ulingane na kiganja. Juzi mpwa wangu alinipigia simu kutoka dukani Nairobi na swali hilo hilo. Nikamjibu. Akaanza kuniambia ati kuna nyingine kali zaidi, nyeusi, kama ya bingwa fulani anayemwona kwenye televisheni. Nikamwambia aiache hapo ilipo ama asinipigie simu tena. Akacheka. Alidhani shangazi anafanya mzaha.

Mzaha gani? Kiwiko changu cha kulia hakinyooki mpaka mwisho. Ikifika Julai, baridi ya Nyeri ikikaa, siwezi kuinua sufuria ya uji kwa mkono huo, na kila mwaka akina mama wa kanisani huniombea wakidhani ni ugonjwa wa mifupa. Wacha waombe. Ni raketi ndiyo iliyonifanya hivi. Lakini kiwiko nilikisamehe zamani. Kuna jambo lingine ambalo sijajisamehe, na mwenye haki ya kunisamehe hayuko tena.

Baba yangu alikuwa fundi wa kufunga kamba za raketi. Katika klabu ya wazungu pale Nyeri, nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo, kulikuwa na kibanda cha mabati, na humo baba alikaa zaidi ya miaka ishirini. Kamba za siku hizo zilikuwa za utumbo wa kondoo. Zikiguswa na mvua zinavimba na kukatika, na Nyeri, unajua mwenyewe, mvua haingoji kualikwa. Raketi zote zilikuwa za mbao. Kila moja ililala ndani ya kibanio chenye skrubu nne, la sivyo unyevu ungeipinda isifae tena hata kwa kusonga ugali.

Mtu akileta raketi, baba alimwangalia mkono kabla ya kumwangalia uso. Alikuwa na vipimo vyake. Alikwambia ushike mpini, unyooshe mkono sawa na bega, uhesabu polepole mpaka thelathini. Ncha ikianza kutetemeka kabla hujafika, hiyo si yako, irudishe. Kisha alitaka kidole kimoja cha mkono wa pili kiingie kati ya ncha za vidole vyako na kiganja. Kikikosa nafasi mpini ni mwembamba, kikichezacheza ni mnene. Halafu aliilaza raketi juu ya kidole chake aone uzito umekaa wapi, kichwani ama mkononi. Mwisho ndio kamba. "Kamba iliyolegea kidogo inakusukumia mpira," alikuwa akisema. "Iliyokazwa inangoja wewe uisukume. Usiombe ikazwe kabla hujapata mkono wa kuisukuma." Na kwa kuwa kwetu huku juu hewa ni nyepesi na mpira huruka kuliko ulivyokusudia, kila mgeni aliyetoka bondeni alitaka akaziwe sana. Baba alimwambia angoje kwanza mkono uzoee. Wengine walimsikiza, wakashinda, vikombe vyao vikapangwa kwenye kabati la kioo. Wengine walimwambia afunge kamba anyamaze.

Husemwa mchagua jembe si mkulima. Baba alicheka sana akisikia msemo huo. "Aliyesema hivyo hakuwahi kulima," alisema. "Chukua jembe la mama yako kesho uende nalo shambani, tuone kama utafika saa sita." Kwetu kila mtu alikuwa na jembe lake, mpini umechongwa kwa kimo chake, na hukugusa la mwenzako. Ajabu ni kwamba mimi niliyekulia katika nyumba hiyo ndiye niliyekuja kusahau jambo jepesi kama hilo.

Lakini baba hakuwahi kuingia uwanjani na raketi mkononi. Mwafrika aliingia kufagia, kupaka chokaa kwenye mistari na kuokota mipira. Jioni, wenyewe wakiwa kwenye vinywaji, baba alijaribu kamba zake kwa kugonga mpira kwenye ukuta wa ghala la kuni. Mara kumi, mara kumi na tano, sikio limeinama. Kisha aliirudisha raketi kwenye kibanio na kukaza skrubu.

Kulikuwa na mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Mweiga, ng'ombe wa maziwa na viazi. Alikuwa bingwa wa klabu, na raketi yake ilikuwa nzito kuliko zote, imefungwa ngozi nyeusi mpinini, kamba zimekazwa mpaka zikiguswa zinalia. Nilikuwa na miaka tisa hivi, nimempelekea baba chakula, siku mzungu huyo alipomrushia raketi kifuani. Kamba mbili zilikuwa zimemkatikia katikati ya mchezo, na kosa lilikuwa lake mwenyewe aliyeiacha usiku kucha kwenye nyasi zenye umande. Raketi ikaanguka kwenye matope. "Okota, boi," akasema. Baba alikuwa na watoto watano na mvi zimeanza kutokeza. Akaokota, akaifuta kwa aproni, akasema, "Ndiyo, bwana." Kisha akageuka akaniona nimesimama na sahani mkononi. Hatukuzungumza juu ya jambo hilo siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Lazima nieleze kitu kimoja, maana bila hicho haya mengine hayataeleweka. Mimi ni binti wa kwanza, na kwa desturi yetu Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake. Kwa hivyo baba hakuniita mwanangu. Aliniita Mama, tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Ndugu zangu walichapwa, mimi sikuguswa, kwani nani amchape mama yake? Nikikosea alisema neno moja kwa sauti ya chini. Nikibisha alisema, "Haya, Mama," na yakaishia hapo. Nilikuwa nikijiona nina bahati. Kumbe mtoto asiyebishiwa hukua akidhani kila linalomtoka kinywani ni sheria.

Uhuru ulikuja. Nikasoma, nikawa mwalimu wa sekondari, nikapanga chumba mtaani Skuta. Klabu ikafungua milango kwa watu wetu, na kamati mpya ikaingia, makarani wakubwa na wenye maduka. Kitu cha kwanza walichofanya ni kuanza kupeleka raketi Nairobi zikafungwe kwa mashine. Baba akaambiwa apumzike. Mzungu alimrushia raketi. Hawa wetu walimwandikia barua ya shukrani, ikapigwa taipu vizuri, na jina lake likakosewa. Sijui ni kipi kilichoniuma zaidi. Nadhani ni barua.

Mimi nikaomba uanachama, nikakubaliwa, miaka michache baada ya Uhuru. Nilikwenda nyumbani kuwaambia. Mama alikuwa akimenya viazi, baba ameketi kwenye kigoda karibu na moto. Baba akaniomba kitu, na katika maisha yake yote hicho ndicho kitu pekee alichowahi kuniomba.

"Mama," akasema, "sasa wewe ni mwenye klabu. Siku moja utaniingiza. Nusu saa tu. Nataka kujua mpira unarudi vipi ukiwa umepigwa na mtu. Ule ukuta umenichosha."

Nikamwambia hata Jumapili ijayo. Nilisema hivyo kabla sijauliza.

Nilipouliza, katibu wa klabu alinitazama kama mtoto aliyeingia ofisini bila kubisha hodi. Alikuwa mtu wetu mwenyewe, mwenye soksi nyeupe za kufika magotini. Wachezaji walikuwa wamegawanywa madaraja matatu, na sisi wapya wote tulikuwa la tatu.

"Mwalimu, hii sheria si yangu, niliikuta," akasema. "Memba wa daraja ya tatu anaweza kuleta mgeni wa chai. Mgeni wa kucheza ni daraja ya pili kwenda juu."

"Baba yangu alifunga kamba hapa miaka ishirini."

"Ndiyo maana nasema chai. Watu watasema nini wakiona fundi ako ndani ya uwanja?" Akageukia waliokuwa wameketi barazani ili nao wasikie. "Lakini wewe shinda mechi ya Desemba upande daraja, halafu ulete mtu yeyote. Leta hata mbuzi! Mimi mwenyewe nitamfungulia geti."

Barazani wakacheka. Kila Desemba, shule zikifungwa, wanawake wawili waliocheza vizuri zaidi katika daraja la tatu walikutana, na mshindi alipanda. Nafasi moja tu. Niliondoka pale nikijua ninachotaka: kushinda mechi moja, ili baba acheze nusu saa. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinifaa kwa muda. Niliamka alfajiri nikakimbia. Nilicheza kila Jumamosi na raketi ya kuazima, na kufikia Agosti nilikuwa nimewapiga wote wa daraja langu isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa nesi, Mmeru kutoka Timau, aliyekuwa amehamishiwa Nyeri mwaka huo. Alikuwa mdogo wa mwili, mpole, mcheshi hata akipoteza pointi. Hakuwa na ukoo mjini wala rafiki ila sisi wa klabu. Nilimpenda, na naliandika hili ili isije ikadhaniwa nilimchukia.

Agosti hiyo yule mzungu wa Mweiga akauza shamba. Wengi walikuwa wakiondoka, na kila mmoja akiondoka palikuwa na mnada, na watu wetu walikwenda kama wanaokwenda harusini. Vitu vilimwagwa kwenye nyasi mbele ya nyumba: vitanda, matandiko ya farasi, vikombe vya chai, beseni la kuogea lenye miguu ya simba. Watu walinunua visivyohitajika. Nilimwona mzee mmoja akibeba kinanda kisicho na nusu ya meno, na sidhani mlango wa nyumba yake uliweza kukipitisha. Niliwacheka. Ungenisikia nikiwacheka!

Kisha nikaona raketi mbili juu ya meza. Moja ilikuwa ya mke wa mzungu, nyepesi, ya rangi ya asali, mpini umechakaa. Ya pili nilikuwa naijua. Nilijua ile ngozi nyeusi. Nilijua hata mahali pa fremu palipokuwa na alama ya siku ile ya matope.

Nesi alikuwa amekuja nami. Aliichukua ile nyepesi, akaipima mkononi, akatabasamu. "Hii itanitosha," akasema. "Ama ulikuwa unaitaka, Mwalimu?"

"Ya mama mzee wa kizungu? Chukua."

Mimi nikachukua ile nyeusi. Sikuhesabu mpaka thelathini. Sikutia kidole kwenye kiganja. Kitu kilichomwangukia baba kifuani sasa kilikuwa mkononi mwangu, nimekinunua mbele ya mwenyewe, naye akinitazama bila kunijua. Nilitaka baba aingie uwanjani mwaka huo na hiyo raketi ndiyo iwe imemfungulia geti. Hata leo nikiliwaza naona lilikuwa wazo zuri. Lilikuwa zuri sana, na halikuwa na uhusiano wowote na mchezo wa tenisi.

Nikampelekea baba siku hiyo hiyo. Aliitambua kabla sijaitoa kwenye gazeti. Aliishika, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi, akailaza kwenye kidole. Kichwa kikashuka upande mmoja mara moja.

"Hii ni nzito kichwani, Mama. Ni ya mtu aliyecheza miaka mingi, na mwanamume mwenye bega kama mlango." Akaigeuza mpini juu. "Pale kwake kulikuwa na nyingine, ya mke wake. Hiyo ndiyo yako, kwa sasa. Ukipanda utabadilisha."

"Imeshachukuliwa. Na mimi sitaki ya mke. Nataka hii."

"Nyosha mkono basi, tuhesabu."

"Baba, mimi si mzungu wa kupimwa. Nimewapiga wote kwa raketi ya kuazima. Wewe nifungie kamba tu."

Aka! Nilisema hivyo. Nifungie kamba tu. Maneno yale yale aliyoambiwa na wengine miaka ishirini, sasa yakatoka kinywani mwa aliyepewa jina la mama yake. Baba aliinama akaangalia fremu.

"Haya, Mama," akasema. Kisha akauliza, "Nikaze kama yake?"

"Kama yake."

Akakaza kama yake. Kazi ilimchukua siku mbili, na ilikuwa kazi safi isiyo na dosari. Ukiigusa kamba ya katikati ililia vile vile kama nilivyoisikia nikiwa na miaka tisa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husemwa, na mimi bado niliruhusiwa kuchagua kiungo. Mwezi wa kwanza nilipiga mipira ya kuogofya. Watu walisimama kutazama, na katibu akasema, "Mwalimu sasa amekuwa mkoloni!" nami nikacheka na kuvimba kichwa. Mwezi wa pili kiwiko kikaanza kuuma nikiandika ubaoni. Mwezi wa tatu nilikuwa nikisahihisha madaftari kwa mkono wa kushoto na kufungua mlango kwa bega. Nesi aliniona nikishika kikombe kwa mikono miwili. "Mwalimu, hii kiwiko imewaka," akasema. "Pumzisha. Ama tubadilishane raketi wiki mbili, mimi siko na neno." Nikamwambia ni homa tu. Homa ya kiwiko! Naye ni nesi.

Nilikuja kujua baadaye kwamba wiki hizo yeye alikuwa amempelekea baba raketi yake ile nyepesi. Alinyoosha mkono, akahesabu mpaka thelathini, akatia kidole. Baba akamfungia kamba za kulegea kidogo kwa kiwango chake, na mpini akauongezea ngozi kidogo ulingane na kiganja. Kazi hiyo aliifanya kama alivyotaka kunifanyia mimi. Hakuniambia, na sidhani alikuwa amenificha. Mtu alikuja na raketi, naye alikuwa fundi.

Siku ya mechi, Desemba, jua lilikuwa kali na uwanja mwekundu umekauka vizuri. Baba hakuruhusiwa kuingia, kwa hivyo alisimama nje, upande wa barabara, mahali ambapo ua wa miiba ya kaiyaba ulikuwa umekonda na mtu aliweza kuona. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili na kofia. Kwapani alikuwa na mfuko wa karatasi. Nilijua kilichomo. Mama alikuwa ameniambia amenunua raba nyeupe sokoni, zilizokwisha kuvaliwa na mtu mwingine kabla yake, na kwamba amezishona na kuzipaka chaki. Nikishinda, angezivaa siku hiyo hiyo, kabla jua halijashuka.

Seti ya kwanza nilishinda. Nilipiga kwa nguvu nesi asione mpira, na kila nilipopiga maumivu yalipanda mpaka shingoni, nikawa nasema moyoni, ngoja, ngoja, bado kidogo. Lakini yeye hakupiga kwa nguvu. Alirudisha tu. Raketi ile ya asali ilirudisha kila kitu, taratibu, karibu na mstari, nami nikalazimika kupiga tena, na tena, na ule uzito wa kichwani ukinivuta mkono kila mara kama ndoo ya maji. Seti ya pili ikaenda. Katika seti ya tatu vidole vyangu vilianza kufunguka vyenyewe. Niliviangalia kama vya mtu mwingine.

Mpira wa mwisho ulikuja mwepesi kabisa, wa kumpa mtoto. Niliinua mkono, na raketi ikanitoka ikaanguka chini mbele yangu, kwenye vumbi jekundu. Niliinama nikaiokota, nikaifuta kwa sketi yangu. Nilipoinua macho nikakutana na macho ya baba kwenye tundu la ua, na wote wawili tulikuwa tunakumbuka siku ile ile.

Nilitoka nje nikamkuta barabarani. Alinishika kiwiko kwa vidole viwili, polepole, kama anavyogusa kamba.

"Ni mimi niliyeikaza," akasema.

Hakusema nilikwambia. Angalau angesema nilikwambia! Alitoa kisu mfukoni akaanza kukata kamba moja moja kutoka katikati, maana ukiacha kamba zilizokazwa sana fremu hupinda. Alikuwa akifanya hivyo wakati nesi alipotoka getini mbio, uso umelowa jasho, raketi yake mkononi.

"Mzee," akamwambia baba, na akamwinamia kidogo kwa heshima, "mimi siko na mtu hapa Nyeri. Wameniambia sasa naweza kuleta mgeni. Jumapili kuja tucheze. Hii raketi ni wewe uliitengeneza, haki iko yako."

Niliona uso wa baba. Nauona hadi leo, ningetaka usinitoke na ningetaka unitoke. Ulifunguka. Mkono uliokuwa na kisu ulisimama, na ule mwingine ukaukaza mfuko wa raba kwapani. Alifungua mdomo amjibu. Kisha akakumbuka, akanigeukia mimi, akaningoja, kama anavyongoja mtu ambaye mama yake bado hajasema.

Ningesema ndiyo. Neno dogo namna hiyo. Lakini nilikuwa nimeshindwa mbele ya katibu na baraza lake lote, kiwiko kinawaka, na mtu aliyenishinda alikuwa amesimama pale akitoa zawadi iliyotakiwa kuwa yangu.

"Asante," nikasema, "lakini baba yangu hataingia pale kwa jina la mtu mwingine. Ataingia kwa jina langu. Mwakani."

"Mwalimu, ni nusu saa tu," nesi akasema.

"Nimesema mwakani."

Nesi akamtazama baba. Baba akafunga kisu, akakirudisha mfukoni.

"Haya, Mama," akasema.

Tukatembea mpaka stendi, yeye amebeba fremu isiyo na kamba, mimi nimebeba mkono wangu.

Mwakani gani? Daktari aliufunga mkono wangu plasta wiki sita, na ulipofunguliwa akaniambia nisishike raketi tena ikiwa nataka kuendelea kushika chaki. Nesi alihamishwa akarudi Timau kabla ya Pasaka. Nilikuwa nikimwambia baba kwamba nitaongea na katibu, kwamba sheria zitabadilishwa, kwamba angoje kidogo. Sikuongea na katibu hata mara moja. Nilikuwa naona haya kupita pale na mkono wangu mbovu, na baada ya muda nikaacha hata kulipitisha jambo hilo akilini. Baba hakuuliza. Katika mvua ndefu za mwaka wa pili baada ya mechi ile alishikwa na kifua, akalala siku tisa, akatutoka.

Baada ya mazishi nilimsaidia mama kupanga nguo zake. Chini kabisa ya sanduku la mbao, juu ya ile fremu yenye mpini mweusi iliyokuwa ndani ya kibanio chake, skrubu zote nne zimekazwa, kulikuwa na mfuko wa karatasi. Nikazitoa raba. Zilikuwa nyeupe pepepe, chaki bado inashika kwenye vidole. Nikazigeuza. Soli hazikuwa na hata chembe ya udongo mwekundu.

"Baba alizihifadhi vizuri," nikasema, kwa sababu ilibidi niseme kitu.

"Kuzihifadhi?" mama akasema. "Alikuwa akizipaka chaki kila Jumamosi, mpaka ile ya kabla hajalala. Nikimwuliza anazitayarisha za nini, ananiambia, mimi niko tayari, ni Mama tu hajasema ni lini."